Kifurushi kipo, Python haikioni: vifurushi vya mfumo ndani ya mazingira pepe

Tuseme umeandika programu ya dirisha kwa lugha ya Python, kwenye Debian au Ubuntu. Kifurushi cha `python3-gi` umekisakinisha kwa `apt`, kisakinishi cha vifurushi cha mfumo, na `apt` inakuthibitishia kwamba kipo, tena ni toleo la karibuni. Unaingia kwenye mazingira pepe ya mradi wako (virtual environment, folda inayotenga vifurushi vya mradi huo na vingine), unaendesha programu, na unajibiwa kwa mstari mmoja:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'gi'
```

Unarudi kwa `apt`. Kipo. Unajaribu njia nyingine, `pip install PyGObject` (`pip` ni kisakinishi cha Python yenyewe, na PyGObject ndilo jina inaloitia `gi`), na skrini inajaa malalamiko ya kompaila inayotafuta mafaili ya cairo, maktaba ya kuchora, isiyoyaona. Ukitoka nje ya mazingira pepe na kuendesha programu ile ile, `gi` inapatikana, ila sasa maktaba nyingine zote ulizosakinisha kwa ajili ya mradi hazipo. Ukiwa ndani unakosa hiki, ukiwa nje unakosa vile.

Hapa ndipo wengi huanza kusakinisha ovyo mpaka kitu kimoja kikubali. Nawaelewa, maana katika jumbe zote hizo hakuna hata mmoja unaoeleza kinachoendelea. Lakini hakuna kilichoharibika. Kila chombo kimefanya kazi yake sawasawa, na ukishajua jinsi Python inavyotafuta moduli zake, fumbo lote linafumbuka.

## Ni orodha ya folda tu

Ukiandika `python3 -m venv .venv`, inatengenezwa folda yenye vitu vichache. Ndani yake mna `bin`, yenye kiungo kinachoelekea kwenye Python uliyoitumia kuandika amri hiyo. Mna `lib`, ambamo vifurushi vyako vitakaa. Na pana faili dogo la maandishi liitwalo `pyvenv.cfg`. Hilo faili dogo ndilo lenye uzito wote. Python inapoanza kazi hutazama kama kuna `pyvenv.cfg` kando yake au folda moja juu yake. Ikilikuta, inajua kwamba imo ndani ya mazingira pepe, na inabadilisha mahali pa kutafutia vifurushi vya ziada.

Python ikikutana na `import gi`, haiulizi mfumo endeshi wala haiulizi `apt`. Ina orodha ya folda, inayoitwa `sys.path`, na inaipitia kutoka juu hadi chini. Folda ya kwanza yenye kitu kinachoitwa `gi` ndiyo inayoshinda. Orodha ikiisha bila kupata kitu, unapewa ule mstari wa makosa. Sasa, kwenye Debian na jamaa zake, vifurushi vya Python vinavyoletwa na `apt` hukaa `/usr/lib/python3/dist-packages`, na folda hiyo haimo katika orodha ya mazingira pepe ya kawaida. Ndiyo sababu yote. Unaweza kuiona orodha yako mwenyewe kwa amri hii, uiendeshe mara moja ukiwa ndani na mara moja ukiwa nje:

```
python3 -m site
```

Kwa hiyo utengano huu ni mwembamba kuliko jina lake linavyodai. Programu iliyo ndani ya mazingira pepe inaweza kusoma faili lolote ambalo wewe unaweza kulisoma, inafika kwenye mtandao, inaita programu nyingine yoyote. Hata maktaba sanifu ya Python hainakiliwi: `json`, `sqlite3` na `ssl` unazozitumia ndani zinatoka kwa Python ya nje, ile iliyozaa mazingira hayo. Mfano unaowashangaza wengi ni `tkinter`. Kwenye Debian imetengwa katika kifurushi cha `python3-tk`, lakini kwa kuwa ni sehemu ya maktaba sanifu, mafaili yake huwekwa kwenye folda za maktaba sanifu. Ukiisakinisha kwa `apt`, inaonekana papo hapo hata ndani ya mazingira yaliyofungwa kabisa. `gi` haionekani, `tkinter` inaonekana, na zote mbili zimeletwa na `apt`. Tofauti ni folda.

Na lile tendo la kuyawasha mazingira, `source .venv/bin/activate`, halifanyi makubwa kama linavyodhaniwa. Linaitanguliza folda ya `bin` kwenye `PATH` ya terminali yako, linaweka kigezo kimoja au viwili, basi. Ukiita `.venv/bin/python programu.py` bila kuwasha chochote, unapata matokeo yale yale. Ndiyo maana pia `sudo python3 programu.py` mara nyingi hukutoa nje bila kukuambia: `sudo` hutumia `PATH` yake, na Python inayoitwa ni ya mfumo.

Mlango kati ya ndani na nje haukuwa umefungwa tangu mwanzo. Ian Bicking alipotoa virtualenv, chombo kilichotangulia `venv`, mwaka 2007, mazingira yaliviona vifurushi vya mfumo bila kuombwa, na aliyetaka kufunga ndiye aliyepaswa kusema. Ilikuwa mwaka 2011, katika toleo la 1.7, ndipo hali ya kawaida ikageuzwa ikawa kufunga. Python 3.3 ilipoleta `venv` yake yenyewe mwaka 2012, ilifuata desturi hiyo mpya. Nayataja haya kwa sababu watu hudhani kufungua mlango ni kuvunja mwiko. Ni uamuzi ambao wenye chombo wenyewe waliufanya kwa namna mbili tofauti.

## Nani hasa anahitaji vya nje?

Si kila mtu. Kwa vifurushi kama `requests`, `pandas` au `flask` sioni sababu yoyote ya kutegemea nakala ya mfumo. `pip` inavileta vikiwa tayari, vinakaa ndani ya mradi, na toleo unalichagua wewe. Zamani hata NumPy ilikuwa adha, kwa kuwa ulihitaji kompaila na muda mwingi. Tangu mwaka 2016, PyPI, hazina ya mtandaoni ambamo `pip` huchukua vifurushi, ilipoanza kupokea vifurushi vya Linux vilivyokompailiwa tayari, sababu hiyo imekwisha kwa maktaba nyingi.

Vinavyobaki ni vile vilivyofungamana na mashine yenyewe. `python3-apt` inaongea na hifadhidata ya vifurushi ya mfumo. Haina maana mbali na mfumo huo, na inapaswa kulingana na `libapt` iliyopo. Viunganishi vya SELinux, ambavyo Ansible huvihitaji kwenye mashine za jamii ya Red Hat, viko hivyo hivyo. `gi` ya mfano wetu inaunganisha Python na GTK na maktaba nyingine za GNOME, na kwenye PyPI ipo kama msimbo chanzo tu, ndiyo maana `pip` ilianza kutafuta kompaila na mafaili ya cairo. Kwenye Raspberry Pi kuna `picamera2`, inayosimama juu ya `libcamera`, na watengenezaji wake wenyewe wanakushauri uisakinishe kwa `apt`.

GDAL, maktaba ya data za ramani, ina ugumu wa peke yake. Iko kwenye PyPI, lakini sehemu yake ya Python lazima ilingane na toleo la maktaba ya C iliyo kwenye mashine. Ukiomba toleo jipya kuliko maktaba, haikompailiki. Anayetaka kuisakinisha kwa `pip` huandika hivi, akiiuliza maktaba kwanza ni toleo gani:

```
pip install "gdal==$(gdal-config --version)"
```

Amri hii inahitaji mafaili ya ujenzi ya GDAL na kompaila ya C++. Kifurushi cha `python3-gdal` kimeshafanya kazi hiyo yote, na waliokitengeneza wamehakikisha vipande vinalingana. Kukitumia si uvivu.

## Kufungua mlango

Njia rasmi ni neno moja la ziada wakati wa kutengeneza mazingira:

```
python3 -m venv --system-site-packages .venv
```

Kama mazingira tayari unayo na hutaki kuyajenga upya, fungua `pyvenv.cfg` kwa kihariri chochote, tafuta mstari wa `include-system-site-packages`, badilisha `false` iwe `true`, uhifadhi. Programu itakayoanza baada ya hapo itaviona vifurushi vya mfumo. Vyombo vingine kama Poetry na pipx vina chaguo lao la jina hilo hilo, virtualenv pia.

Baada ya kufungua, mpangilio wa `sys.path` unakuwa hivi: kwanza maktaba sanifu, kisha folda ya mazingira yako, kisha folda yako binafsi iliyo chini ya `~/.local`, na mwisho folda za mfumo. Mpangilio huu umefikiriwa vizuri. Chochote unachokisakinisha ndani ya mradi kinatangulia cha nje chenye jina hilo hilo. Na `pip` ya ndani haigusi kilicho nje: ukiiambia iondoe kifurushi cha mfumo, itakueleza kwamba kiko nje ya mazingira na kukiacha kilivyo. Ukiiomba toleo jipya, italiweka ndani, na la mfumo litabaki pale pale kwa ajili ya wengine wanaolitegemea.

Angalia hiyo folda ya tatu, kwa maana inasahaulika. Ukifungua mlango wa mfumo, umefungua pia ule wa `~/.local`. Kama miaka michache nyuma ulizoea kusakinisha vitu kwa `pip install --user`, vyote vya toleo hilo la Python vinaingia navyo, na kwa kuwa vinatangulia vya mfumo, vinaweza kuifunika ile nakala ya `apt` uliyofungua mlango kwa ajili yake. Kuvizuia, weka `PYTHONNOUSERSITE=1` kwenye terminali, au endesha Python kwa kuongeza `-s`. Ukitilia shaka kifurushi kimetoka wapi, kiulize chenyewe:

```
python -c "import gi; print(gi.__file__)"
```

Mstari huu mmoja umeniokolea muda mwingi kuliko chombo kingine chochote katika mambo haya.

## "Mfumo" ni upi?

Nimefika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Tunaposema vifurushi vya mfumo, tunadhani tunasema vya kompyuta. Python haielewi hivyo. Kwa mazingira pepe, mfumo maana yake ni ile Python iliyoyazaa. Niiite Python mama.

Kompyuta moja inaweza kuwa na Python kadhaa: ya Debian iliyoko `/usr/bin`, nyingine uliyoijenga mwenyewe ikakaa `/usr/local`, nyingine ya pyenv kwenye folda yako ya nyumbani, nyingine iliyopakuliwa na uv (vyote viwili ni vyombo vinavyoweza kukuletea matoleo ya Python). Kila moja ina maktaba yake sanifu na folda yake ya vifurushi. `apt` inamjua mmoja tu kati yao, yule wa `/usr/bin`. Kama mazingira yako yalizaliwa na Python ya pyenv, hata ukifungua mlango kiasi gani utaingia kwenye nyumba ya Python ya pyenv, na humo `gi` haimo.

Picha rasmi za Python kwa ajili ya Docker huwaponza watu kwa namna hii hii. Zimejengwa juu ya Debian, kwa hiyo `apt install python3-numpy` inakubali bila tatizo. Lakini Python unayoitumia kwenye konteina hiyo iko `/usr/local/bin`, na haina habari na `/usr/lib/python3/dist-packages`. Umeleta kifurushi pamoja na Python ya pili ya Debian, picha imenenepa, na programu yako bado inasema haikioni.

Kumtambua mama ni rahisi:

```
python -c "import sys; print(sys.prefix); print(sys.base_prefix)"
```

Mstari wa kwanza ni mazingira yako, wa pili ni mama. Ukiona `/usr`, uko kwa Python ya `apt`. Ukiona kitu kingine, usiendelee kuhangaika na mlango. Jenga mazingira upya kwa kumtaja mama unayemtaka kwa anwani yake kamili: `/usr/bin/python3 -m venv --system-site-packages .venv`.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nisiiongeze tu hiyo folda ya `apt` kwenye `PYTHONPATH` na kuendelea na Python yangu mpya? Kwa vifurushi vilivyoandikwa kwa Python tupu, huenda ikafanya kazi. Kwa vile vyenye vipande vya C, haifanyi. Ukichungulia ndani ya folda ya `gi` kwenye Debian 12 utakuta faili lenye jina kama `_gi.cpython-311-x86_64-linux-gnu.so`. Hiyo 311 ni Python 3.11. Python 3.12 itaiona folda, itaanza kuisoma, halafu itakwama kwa kulalamika kwamba `_gi` haipatikani. Ujumbe huo huwachanganya watu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa kifurushi kinaonekana ila kina kasoro. Kifurushi hakina kasoro. Kimetengenezewa Python nyingine.

## Mambo yanayobadilika kimyakimya

Mlango ukiwa wazi, `pip` nayo inaona ng'ambo. Ukiandika `pip install numpy`, na NumPy iko kwa mfumo, itakujibu kwamba hitaji limeshatimizwa na kukuonyesha anwani ya `/usr/lib`. Haisakinishi kitu. Siku hiyo unashukuru. Siku unayohamisha mradi kwenda kwenye seva, unagundua kwamba ulikuwa unategemea toleo ambalo hukulichagua na hukuliandika popote.

`pip freeze` nayo hubadilika. Ndani ya mazingira yaliyofunguliwa inaorodhesha vya kwako pamoja na vya mfumo, vikiwemo vile ambavyo havipo PyPI kabisa, kama `python-apt` katika toleo la Debian. Ukiihifadhi orodha hiyo kama `requirements.txt`, mwenzako hataweza kuisakinisha. Tumia `pip freeze --local`, na `pip list --local`, uone vya ndani pekee.

Kuna jambo la tatu ambalo sijaona likielezwa vya kutosha, nalo ni la amri zinazokuja na vifurushi. Chukulia `pytest` imesakinishwa na `apt`. Ndani ya mazingira yako unaandika `pip install pytest`, unaambiwa limetimizwa. Basi hakuna faili la `.venv/bin/pytest` lililoundwa. Ukiita `pytest`, terminali inakuta ile ya `/usr/bin`, na mstari wa kwanza wa faili hilo unasema liendeshwe na `/usr/bin/python3`. Majaribio yako yanaendeshwa nje ya mazingira, na vifurushi vya mradi havionekani, ilhali jina la mazingira limeandikwa pale kwenye terminali kama kawaida. Dawa ni kuiita `python -m pytest`, au kuilazimisha `pip` iweke nakala ya ndani kwa `pip install --ignore-installed pytest`.

Wanaotumia uv wajue kwamba yenyewe imechagua njia tofauti. Ina chaguo la `--system-site-packages`, na programu ikiendeshwa huviona vifurushi vya mfumo, lakini `uv pip install` na `uv pip list` hujifanya havipo. Ukiomba NumPy itasakinishwa ndani hata kama iko nje. Naona uamuzi huo ni mzuri kwa anayetaka orodha safi ya mahitaji, ila unaongeza uwezekano wa tatizo linalofuata.

## Pale nakala mbili zinapokutana

Vifurushi vya Python havikai peke yake. `python3-opencv` ya Debian inaitumia NumPy, tena si kwa kuiita tu: msimbo wake wa C umekompailiwa ukijua umbo la ndani la data za NumPy. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina NumPy 1.24, na kila kilichokompailiwa humo kinaitarajia familia ya 1.x.

Juni 2024 NumPy 2.0 ilitoka, na umbo hilo la ndani likabadilika. Kilichokompailiwa kwa 2.0 kinaweza kufanya kazi na 1.x, lakini kilichokompailiwa kwa 1.x hakifanyi kazi na 2.0. Sasa fikiria mazingira yaliyofunguliwa kwenye Debian 12. Unasakinisha kwa `pip` maktaba fulani ya takwimu inayodai NumPy 2. `pip` inaileta NumPy 2 ndani ya mazingira, sawasawa kabisa na kazi yake. Kwa kuwa ya ndani inatangulia, OpenCV ya mfumo ikiomba NumPy inapewa hiyo ya 2, na inaanguka. OpenCV haijaguswa, NumPy mpya haina dosari, na ukijaribu nje ya mazingira kila kitu ni kizima. Tatizo limo katika mkutano wao tu.

Hili ndilo gharama halisi ya mlango wazi, na halina tiba ya jumla. `pip` inapopanga matoleo hulinganisha yanayohitajika na vile unavyosakinisha, na vipande vilivyojengwa na Debian havina mahali walipoandika kwa lugha ya `pip` kwamba visikutanishwe na NumPy 2. Unachoweza kufanya ni kuweka mpaka wewe mwenyewe. Andika faili la masharti lenye mstari `numpy<2`, na kila unaposakinisha ulitaje:

```
pip install -c masharti.txt jina-la-kifurushi
```

Kama kifurushi unachokitaka hakikubali sharti hilo, umepata jibu lako: hicho na OpenCV ya mfumo haviwezi kuishi katika mazingira mamoja. Ama uchukue OpenCV ya PyPI, ambayo hupatikana ikiwa tayari kwa mashine nyingi, ama utenganishe kazi.

## Mlango mwembamba zaidi

Kufungua folda nzima ya mfumo kwa ajili ya kifurushi kimoja ni kukaribisha umati kwa sababu ya mgeni mmoja. Unaweza kumwingiza yeye peke yake kwa kiungo:

```
ln -s /usr/lib/python3/dist-packages/gi .venv/lib/python3.11/site-packages/gi
```

Ikiwa programu yako inachora kwa cairo, fanya vivyo hivyo kwa folda ya `cairo`. Mazingira yanabaki yamefungwa kwa kila kingine. Masharti ni mawili: Python mama awe yule yule wa mfumo, na ujue kifurushi hicho kinategemea nini, kwa sababu hakuna atakayekuletea vitegemezi vyake. Kwa kifurushi chenye vitegemezi viwili vitatu napenda njia hii. Kwa chenye ishirini, hapana.

Njia ya kati ambayo hupendekezwa mara kwa mara ni kuweka faili la `.pth` ndani ya `site-packages`, lenye anwani ya folda ya mfumo. Inafanya kazi, lakini inaingiza folda nzima, kwa hiyo umefungua mlango ule ule kwa kujificha: atakayesoma `pyvenv.cfg` ataamini mazingira yamefungwa. Siipendi kwa sababu hiyo.

Kwa vitu kama `python3-apt`, ambavyo ni vya mfumo kwa asili, ninaloliona bora ni kutoviingiza kabisa. Andika hati fupi inayoendeshwa na Python ya mfumo, iulize inachouliza, ichape jibu kwa JSON. Programu yako iliyo ndani ya mazingira inaiita na kusoma jibu:

```
import json, subprocess

jibu = subprocess.run(
    ["/usr/bin/python3", "orodha_ya_apt.py"],
    capture_output=True, text=True, check=True,
)
vifurushi = json.loads(jibu.stdout)
```

Kwa kuwa `/usr/bin/python3` haina `pyvenv.cfg` kando yake, inaanza ikiwa nje kabisa, na ina kila kilicholetwa na `apt`. Hakuna nakala mbili za chochote zinazokutana. Mradi unaweza kuhamia Python mpya kesho bila kuuliza Debian. Njia hii haifai kwa `gi`, ambayo lazima iwe ndani ya programu inayochora dirisha, wala kwa picha za kamera zinazopita kwa wingi kila sekunde. Kwa maswali na majibu mafupi inatosha.

## Kuhusu lile kosa jipya

Tangu `pip` 23.0, iliyotoka Januari 2023, watumiaji wa mifumo kama Debian 12 na Ubuntu 23.04 wamekuwa wakikutana na kosa la `externally-managed-environment` wakijaribu kutumia `pip` nje ya mazingira pepe. Mfumo umeweka faili liitwalo `EXTERNALLY-MANAGED` ndani ya folda ya maktaba sanifu, na `pip` ikiliona inakataa. Sababu ni nzito: zana za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python. `add-apt-repository` ya Ubuntu ni mojawapo, na kwa miaka mingi `sudo pip install` ya haraka iliweza kuifunika maktaba inayoitegemea na kuiangusha.

Wapo wanaoongeza `--break-system-packages` na kuendelea. Jina la chaguo hilo limeandikwa wazi kwa makusudi, nami naliamini. Aliyekuwa anataka vya mfumo na vya `pip` pamoja ana njia halali: mazingira yaliyofunguliwa. Ndani yake zuio hilo halitumiki, na vipya vinakaa kwenye folda ambayo zana za mfumo haziitazami.

## Siku ya kupandisha mfumo

Debian 12 ina Python 3.11. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina 3.13. Ukipandisha mfumo kutoka moja kwenda nyingine, kile kiungo cha `.venv/bin/python3` bado kinaelekea `/usr/bin/python3`, ila huyo sasa ni 3.13. Anaitafuta folda ya `.venv/lib/python3.13`, ambayo haipo, huku vifurushi vyako vyote vikiwa ndani ya `python3.11`. Vya mfumo vitaonekana, kwa kuwa `apt` imeshavijenga upya. Vya mradi ndivyo vitakavyokuwa vimetoweka. Ni kinyume kabisa cha kosa tulilolianza nalo.

Usijaribu kuyakarabati. Futa folda ya `.venv` na uijenge upya kwa amri tatu. Ili zitoshe, mradi lazima uwe na orodha mbili: `requirements.txt` kwa vya `pip`, na faili lingine la vya `apt`. Hilo la pili halina jina rasmi na wengi hawaliandiki; mimi huliita `mahitaji-ya-mfumo.txt`, kila mstari jina moja kama `apt` inavyolijua, kwa sababu majina hayafanani. `apt` inasema `python3-gi`, `pip` inasema `PyGObject`, na msimbo unasema `gi`.

```
xargs sudo apt install -y < mahitaji-ya-mfumo.txt
/usr/bin/python3 -m venv --system-site-packages .venv
.venv/bin/pip install -r requirements.txt
```

Kisha endesha `.venv/bin/python -c "import gi; print(gi.__file__)"`. Kwa mazingira yaliyofunguliwa kwa neno lile la ziada, kama haya, anwani itakayochapwa ianze na `/usr/lib/python3/dist-packages`.